Tippu Tip, liwali wa Kisangani aliyehesabu mali yake kwa reale

KISANGANI – Mwaka 1887, Léopold II, mfalme wa Ubelgiji, alimpa mfanyabiashara wa Zanzibar uliwali wa Stanley Falls, ndiyo Kisangani ya leo. Alikuwa Hamed bin Muhammad el Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip. Mshahara wake ulikuwa pauni 30 kwa mwezi, kiasi kidogo kwa mtu aliyezoea kuhesabu maelfu ya reale.

Reale ya Maria Theresa ilitoka Austria na kuandikwa mwaka 1780, hata ilipopigwa miaka mia moja baadaye. Ilikuwa na uzito wa gramu 28: sehemu tano kati ya sita fedha, iliyobaki shaba. Fedha tupu ni laini, hulika upesi mikononi. Shaba huikaza, na rangi inabaki nyeupe. Mwaka 1882, Sultani Barghash wa Zanzibar alipigisha reale yake mwenyewe.

Tippu Tip alizaliwa Zanzibar karibu mwaka 1837. Tajiri Mhindi Taria Topan alimkopesha mali, naye alilipa kwa pembe za tembo. Mwaka 1876, Stanley alimwahidi dola 5,000, kwa hesabu ya Zanzibar, amsindikize kambi 60 kufuata mto Lualaba. Waliachana kabla ya safari kutimia.

Huku kwetu fedha hiyo haikuwa malipo ya kawaida. Watu walipewa shanga, vitambaa na mitako, yaani nyuzi nene za shaba ya njano. Pembe nyingi hazikununuliwa hata kidogo: zilinyang'anywa kwa bunduki, vijiji vikachomwa, na mateka wakalazimishwa kuzibeba hadi pwani.

Mwaka huohuo wa 1887, Léopold naye alianzisha faranga za Congo. Sarafu ya faranga moja ilikuwa na fedha sehemu 835 kwa 1,000, iliyobaki shaba.

Tippu Tip aliondoka Stanley Falls mwaka 1890, wala hakurudi. Vita na Wabelgiji vilimuua mwanawe Sefu mwaka 1893. Yeye alifariki Zanzibar Juni 1905, akiacha kitabu cha maisha yake kwa Kiswahili.

Kisangani ilibaki na Kiswahili, Uislamu na kilimo cha mpunga. Reale zilibaki pwani, na waliobeba pembe hawakulipwa kitu.