Bibi Zubeida na Maji ya Makka

Wengi wetu jina la Zubeida tulilisikia kwanza katika hadithi za Alfu Lela Ulela, akiwa mke wa Harun Rashid, amejaa vito na kuzungukwa na wajakazi. Hizo ni hadithi za kupitishia usiku. Zubeida wa kweli, aliyeolewa, akafiwa, na akafa kama wafavyo waja wote, ana kisa kilicho bora zaidi, nacho ni kisa cha maji.

Jina lake hasa lilikuwa Amatul-Aziz, binti Jaafar. Babu yake, Khalifa Al-Mansur, ndiye aliyeanza kuujenga mji wa Baghdad mwaka 762, na yasemekana ndiye aliyempa lakabu ya Zubeida, yaani kidonge cha siagi, kwa jinsi alivyonenepa na kung'ara utotoni. Mwaka 165 Hijria, sawa na 781 au 782 Miladia, aliozwa binamu yake Harun, naye Harun akakalia kiti cha ukhalifa mwaka 786. Basi bibi huyu alitoka jumba la mfalme akaingia jumba la mfalme. Wanahistoria wanaeleza kwamba nyumbani kwake walikuwako wajakazi mia moja waliohifadhi Kurani, wakipokezana kusoma, sauti zao zikivuma kama nyuki mzingani.

Alipokwenda Hija aliikuta Makka ina kiu. Mji ule u bondeni, umezungukwa na majabali makavu. Zamzam ni baraka, lakini maelfu ya wageni wanahitaji maji ya kunywa, kupikia, kuoga, kufulia na kunyweshea wanyama. Wasimulizi wanataja kwamba kiriba kimoja cha maji kilifika bei ya dinari nzima. Mwenye nazo alikunywa, na fukara akabaki na kiu yake mbele ya Nyumba Tukufu.

Tajiri mwingine angalinunua viriba elfu, akavitoa sadaka, akarudi kwao akisifiwa, na mwaka wa pili watu wangaliona kiu vile vile. Zubeida alitaka kujua maji yenyewe yatatoka wapi.

Mafundi walizunguka milimani hata wakachagua chemchemi ya Hunayn, upande wa mashariki ya Makka, bonde lile lile lililopiganiwa vita mwaka wa 8 Hijria. Maji yake yalikuwa yakinywesha mashamba. Bibi hakuyapokonya mashamba hayo, aliyanunua, ndipo maji yakaelekezwa mjini. Mfereji mwingine ulitoka Wadi Nuuman, ukapeleka maji Arafat, wanakosimama mahujaji mchana kutwa juani.

Kazi hiyo ilitaka akili kuliko nguvu. Maji hayapandi mlima, kwa hiyo mfereji lazima uifuate ardhi na kushuka kidogo kidogo. Mteremko ukizidi, maji huzila kuta. Ukipungua, hutuama na kuoza. Palipokuwa na jabali pakakatwa. Kuta zilijengwa kwa mawe na kupigwa chokaa, na juu mfereji ukafunikwa ili usiingie mchanga wala uchafu. Kisha baada ya kila masafa uliachwa mdomo wa kumtosha mtu kushuka ndani na kusafisha. Njiani yakachimbwa mabirika ya kukinga maji ya mvua.

Yasimuliwa kwamba fundi mkuu alimwonya juu ya gharama, naye akamwamuru afanye kazi hata kama kila pigo la sururu litamgharimu dinari moja. Waandishi wa kale wanataja kwamba zilitumika zaidi ya dinari milioni moja na laki saba. Tena yasimuliwa kuwa alipoletewa madaftari ya hesabu aliyatupa katika mto Tigris, akisema kwamba hesabu ya kazi ile imeachiwa Siku ya Hesabu. Huenda masimulizi yametiwa chumvi, maji hayakutiwa.

Jina lake limeshikamana pia na njia ya mahujaji itokayo Kufa kwenda Makka, masafa ya zaidi ya kilomita 1,400 za jangwa. Njia hiyo hakuianzisha yeye. Misafara iliipita tangu kabla ya Uislamu, na makhalifa wa kwanza wa Bani Abbas walisimamisha mawe ya kuonyesha maili. Lakini yeye alizidisha visima, mabirika na nyumba za kupumzikia, hata njia nzima ikaitwa Darb Zubeida. Rabadha, mahali alipofariki Sahaba Abu Dharri, ni kituo kimojawapo. Hadi leo liko birika la duara, upana wake zaidi ya mita 60, na ubavuni mwake liko dogo. Maji ya mafuriko yaliingia kwanza katika lile dogo, matope yakatua chini, ndipo maji yakapita safi kwenda kwenye kubwa.

Ulimwengu haukumhurumia bibi huyu. Harun alifariki mwaka 809, na mwanawe Zubeida, Al-Amin, akatawala. Kukazuka vita baina yake na ndugu yake kwa baba, Al-Maamun. Baghdad, mji wa babu yake, ukazingirwa, na mwaka 813 Al-Amin akauawa. Zubeida hakusimama kudai kisasi. Alipatana na Al-Maamun, na mwaka 825 alihudhuria harusi yake na Buran. Alifariki Baghdad mwaka 216 Hijria, yaani 831.

Mtoto aliuawa na enzi ikaenda kwa mwingine, na maji yakaendelea kutiririka. Msafiri Ibn Jubayr wa Andalusi alipoipita njia ile mwaka 1184, zaidi ya miaka 350 baada ya kifo chake, alikuta misafara ingali ikinywa katika mabirika yale, akamsifu kwa kirefu. Wamongoli walipoivunja Baghdad mwaka 1258, njia ilififia. Mfereji wa Makka nao kuna nyakati uliziba ukatengenezwa tena. Katika karne ya 16 Mihrimah, binti wa Sultan Suleiman, alitoa mali yake ukafufuliwa, na Makka iliendelea kunywa maji ya Ain Zubeida hadi karne ya 20.

Iko kuba moja Baghdad ambayo watu wameiita kaburi la Sitti Zubeida. Wataalamu wanasema ni ya bibi mwingine, Zumurrud Khatun, iliyojengwa karibu miaka 400 baadaye. Kaburi lake mwenyewe halijulikani kwa watu, lakini sadaka yake yenye kuendelea inajulikana.

Sisi wa pwani si wageni wa jambo hili. Wazee wetu walipojenga msikiti walichimba na kisima na birika, na mtaa ukakua ukizunguka maji. Leo tunajua kupandisha ghorofa kabla hatujauliza maji yatatoka wapi na uchafu utakwenda wapi, na kisima na shimo la choo vikapakana ukuta kwa ukuta. Lililoudumisha mfereji wa Zubeida si dhahabu peke yake. Ni ile midomo iliyoachwa kwa ajili ya kusafishia, na watu waliokubali kushuka humo kizazi baada ya kizazi. Anayepanga mji bila ya kumfikiria mtu wa kuusafisha hajapanga mji.

Wema hauozi, wasomaji wangu. Mwenyezi Mungu amrehemu Bibi Zubeida.