Humphrey Bogart: kutoka mto Ruiki hadi tuzo ya Oscar

Usiku wa tarehe 20 Machi 1952, katika ukumbi wa Pantages huko Hollywood, jina la Kongo lilitajwa mbele ya wakubwa wa sinema ya Marekani. Aliyelitaja alikuwa mwanaume wa miaka 52, mwenye uso wa mikunjo na sauti ya kukwaruza, sanamu ya dhahabu mkononi. Alisema kwa ufupi kwamba kutoka Kongo ya Mbelgiji hadi jukwaa lile ni safari ndefu, na kwamba afadhali kuwa pale. Akawashukuru mwongozaji wake John Huston na mwenzake Katharine Hepburn, akashuka. Hiyo ndiyo tuzo pekee ya Oscar aliyoipata Humphrey Bogart maishani, na aliipata kwa kazi iliyoanzia kwenye mto Ruiki, karibu na Ponthierville, mji ambao leo tunauita Ubundu, juu ya Kisangani.

Alizaliwa New York siku ya Noeli ya mwaka 1899. Baba yake alikuwa daktari mpasuaji; mama yake, Maud Humphrey, alikuwa mchoraji mwenye jina, na alimchora mwanawe angali mchanga, mchoro ukatumika kutangaza chakula cha watoto. Kwa hiyo mtu huyu aliyekuja kujulikana kwa sura ya jambazi alianza kazi ya matangazo akiwa bado hajui kutembea. Mwaka 1918 alifukuzwa katika shule ya Andover, akaingia jeshi la majini. Baadaye alirudi New York na kuingia kwenye tamthilia.

Bahati yake iliitwa Leslie Howard. Mwaka 1935 wawili hao walicheza pamoja jukwaani katika The Petrified Forest, Bogart akiwa mhalifu Duke Mantee. Kampuni ya Warner Bros. ilipotaka kuifanya filamu, ilimfikiria mchezaji mwingine mwenye jina zaidi. Howard akawajulisha kwamba bila Bogart, naye hachezi. Filamu ikatoka mwaka 1936. Miaka mingi baadaye Bogart alimpa bintiye jina la Leslie.

Lakini mlango ulifunguka nusu tu. Miaka mitano iliyofuata alikuwa mtu wa kupigwa risasi kabla filamu haijaisha, chini ya kivuli cha James Cagney na Edward G. Robinson. Mwaka 1941 George Raft alikataa kucheza katika The Maltese Falcon, Bogart akapewa nafasi hiyo, na John Huston, aliyekuwa anaongoza filamu kwa mara ya kwanza, akapata rafiki wa kudumu.

Kisha ikaja Casablanca. Ndiyo iliyompa uteuzi wa kwanza wa Oscar, kama Rick, mwenye baa anayejifanya hajali kitu. Katika sherehe ya Machi 1944 filamu hiyo ilichukua tuzo tatu: filamu bora, uongozaji wa Michael Curtiz, na mswada. Tuzo ya mwigizaji bora ilimwendea Paul Lukas kwa Watch on the Rhine. Leo ni wachache wanaoikumbuka filamu ya Lukas.

Ajabu zaidi, kwa maoni yangu, ni mwaka 1948. Katika The Treasure of the Sierra Madre Bogart anacheza maskini anayeharibiwa na tamaa ya dhahabu, na tunamwona akioza kidogo kidogo bila kutuomba tumhurumie. Huston alipata tuzo mbili, baba yake Walter Huston akapata ya mwigizaji msaidizi. Bogart hakuteuliwa hata kidogo. Yeye mwenyewe alizoea kuzicheka tuzo hizi. Alidai kwamba njia pekee ya haki ni kuwavalisha waigizaji wote nguo za Hamlet, kila mmoja aseme maneno yale yale, ndipo ajulikane aliye bora.

Mwaka 1951 Huston akamleta Kongo. Riwaya ya C. S. Forester, iliyotoka mwaka 1935, inasimulia vita vya 1914 katika Afrika Mashariki ya Wajerumani: nahodha mlevi na dada wa mmisionari wanashuka mto kwa mashua kuukuu ili wazamishe meli ya adui ziwani. Wafaransa waliiita filamu hiyo L'Odyssée de l'African Queen. Sisi wa kitivo cha lugha tuangalie jambo moja. Katika kitabu, Charlie Allnut ni Mwingereza wa mitaa ya London, mwenye lafudhi ya huko. Bogart hakuiweza lafudhi hiyo. Basi waandishi wakambadilishia mhusika utaifa, akawa Mkanada. Ulimi wa mchezaji ulishinda kitabu.

Kambi ilijengwa msituni. Hepburn aliugua tumbo vibaya, siafu wakavamia, mashua ikazama ikabidi ivutwe juu. Bogart na Huston walikunywa whisky na hawakuugua, wakasema whisky ndiyo dawa. Bogart hakuipenda Afrika, wala hakuficha. Mkewe Lauren Bacall, aliyemfuata kutoka Marekani, alisaidia kupika na kuuguza. Baada ya Kongo walikwenda Uganda, kisha sehemu nyingine zikamaliziwa studio Uingereza. Na watu wetu waliojenga kambi, waliobeba vyombo, walioimba kanisani mwanzoni mwa filamu? Wanaonekana, wanasikika, kisha wanapotea bila kuwa na hadithi yao.

Uteuzi wa filamu ulikuwa minne: Bogart, Hepburn, Huston, na mswada ulioandikwa na James Agee pamoja na Huston. Alishinda Bogart peke yake. Wapinzani wake walikuwa Montgomery Clift, Arthur Kennedy, Fredric March, na kijana Marlon Brando wa A Streetcar Named Desire. Wenzake watatu wa Brando katika filamu hiyo walishinda, yeye akabaki. Wengi waliona Hollywood ilikuwa inalipa deni la Casablanca. Nadhani hawakukosea sana, ingawa Allnut anaposhuka tena majini baada ya kung'atwa na ruba, woga wote usoni, mtu hawezi kusema tuzo ilitolewa bure.

Brando alijibu mara mbili. Wa kwanza ulikuwa London mwaka 1953: Bogart aliteuliwa na Chuo cha Filamu cha Uingereza kwa kazi ile ile ya Kongo, na Brando akashinda kwa Viva Zapata!. Wa pili ulikuwa Machi 1955: Bogart aliteuliwa kwa Oscar mara ya tatu kama Kapteni Queeg wa The Caine Mutiny, ofisa anayezungusha vidude vya chuma mkononi akili zinapomtoka. Brando akachukua kwa On the Waterfront.

Filamu ya mwisho, The Harder They Fall, ilitoka 1956, saratani ya koo ikiwa imeshamshika. Alikufa tarehe 14 Januari 1957, akiwa na miaka 57. Kanisani hawakuweka jeneza. Waliweka mfano mdogo wa jahazi lake, Santana, na Huston ndiye aliyesimama kumsema.