Ngala: Mwalimu wa Buxton aliyewafungulia Wapwani mlango wa Bunge

JINA la Ronald Gideon Ngala limepewa barabara jijini Mombasa na jijini Nairobi. Hata hivyo, wengi wa wanaopita humo kila siku hawafahamu kwamba kabla ya kuwa waziri na kiongozi wa chama, marehemu alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya Buxton, kisiwani Mombasa.

Ngala alizaliwa mwaka wa 1923 huko Gotani, katika nchi ya Wagiriama inayojulikana leo kama Kaunti ya Kilifi. Alisoma katika shule ya St John's, Kaloleni, na Shimo la Tewa, kisha akajiunga na Alliance High School. Baadaye alisomea ualimu katika chuo cha Makerere, Uganda.

Alifundisha na kuongoza shule kadhaa, ikiwemo ile ya Mbale huko Taita, kabla ya kukabidhiwa Buxton katika miaka ya 1950. Shule hiyo iliyoasisiwa na wamishonari wa Kianglikana ilikuwa imejijengea jina miongoni mwa Waafrika waliotaka watoto wao wapate elimu mjini.

Mombasa ya wakati huo ilikuwa mji wa matabaka. Wazungu, Waarabu, Wahindi na Waafrika waliishi, walisoma na kutibiwa kwa kutengana. Kisheria, mji huo ulikuwa sehemu ya ukanda wa maili kumi uliohesabiwa kuwa milki ya Sultani wa Zanzibar, ingawa Waingereza ndio waliokuwa wakiutawala tangu mkataba wa 1895.

Ni katika mazingira hayo ambapo mwalimu huyo mpole, mwenye kupima maneno yake, alipoingia siasani. Alianza katika shughuli za baraza la mji, na mnamo Machi 1957 akajitosa katika uchaguzi wa kwanza ambapo Waafrika waliruhusiwa kuwachagua wenyewe wajumbe wao katika Baraza la Kutunga Sheria.

Uchaguzi huo haukuwa wa kila mtu. Mpiga kura Mwafrika alitakiwa kutimiza masharti ya elimu, mali, kipato au utumishi wa muda mrefu, na aliyetimiza masharti mengi zaidi aliweza kupewa hadi kura tatu. Makuli wengi wa bandarini na wakulima wa vijijini walibaki nje ya daftari la wapiga kura.

Nchi nzima ilikuwa na viti vinane pekee vya Waafrika. Pwani yote, kuanzia kisiwa cha Mombasa hadi vijiji vya bara yake, ilihesabiwa kuwa eneo moja la uwakilishi. Ngala alikinyakua kiti hicho na kuungana na Tom Mboya wa Nairobi, Jaramogi Oginga Odinga wa Nyanza ya Kati, Daniel arap Moi wa Bonde la Ufa na wenzao wanne.

Wajumbe hao wanane walikataa nyadhifa za uwaziri chini ya katiba ya wakati huo na kudai viti zaidi. Shinikizo lao lilizaa matunda. Mwaka wa 1958 viti sita viliongezwa, na Mombasa ikapata kiti chake yenyewe. Kilitwaliwa na Francis Khamisi, mwanahabari aliyewahi kuhariri gazeti la Kiswahili la Baraza na aliyekuwa katibu mkuu wa kwanza wa chama cha KAU. Ngala alisalia kuwa msemaji wa Pwani ya mashambani.

Huo ndio uliokuwa mwanzo wa Mombasa kuwa na maeneo yake ya uwakilishi. Mtaa wa Buxton leo umo katika eneobunge la Mvita, jina lililoanza kutumika katika uchaguzi wa 1988, na Kaunti ya Mombasa ina maeneobunge sita.

Nyota ya Ngala iling'aa zaidi Januari 1960, alipochaguliwa kuongoza ujumbe wa Waafrika katika mkutano wa katiba wa Lancaster House, London. Mboya na Odinga walikuwa wakivutana, na Mgiriama huyo alionekana kuwa mtu ambaye kila upande ungeweza kumkubali. Mkutano huo ulitoa njia ya Waafrika kuwa wengi katika Baraza kwa mara ya kwanza.

Umoja huo haukudumu. Chama cha KANU kilipoundwa Mei 1960, Ngala alitajwa kuwa mweka hazina bila yeye kuwepo. Aliukataa wadhifa huo, na mwezi uliofuata akawa kiongozi wa KADU, chama cha waliohofia kwamba jamii kubwa zingezimeza ndogo baada ya Uhuru.

Katika uchaguzi wa 1961, KANU ilipata viti 19 dhidi ya 11 vya KADU, lakini ikakataa kuunda serikali kabla ya Jomo Kenyatta kuachiliwa. Ngala alikubali kuunda serikali hiyo kwa kushirikiana na kundi la walowezi la Michael Blundell, akawa Kiongozi wa Shughuli za Serikali. Wapinzani wake hawakumsamehe kwa uamuzi huo. Hata hivyo, ni katika kipindi hicho ambapo Kenyatta alipata uhuru wake, Agosti 1961.

Suala lililomgusa zaidi kama Mpwani lilikuwa la Mwambao. Baadhi ya wakazi wa ukanda wa maili kumi walitaka ujitenge na Kenya au ubaki chini ya Sultani. Kwa Wamijikenda wengi, hilo lingemaanisha kurejea chini ya mabwana waliokuwa wakimiliki ardhi walimoishi kama maskwota. Ngala alipinga kujitenga. Alitaka Pwani iwe jimbo lenye mamlaka yake ndani ya Kenya, makao makuu yakiwa Mombasa.

Oktoba 1963, mkataba ulitiwa saini na ukanda huo ukaunganishwa na Kenya. Majimbo pia yaliingia katika katiba ya Uhuru, lakini KADU ilikuwa imeshindwa katika uchaguzi wa Mei mwaka huo. Mjini Mombasa kwenyewe, KANU ilikuwa na mizizi miongoni mwa wafanyakazi wa bandari waliotoka bara.

Novemba 1964, Ngala alikivunja chama chake na kuwaongoza wafuasi wake kujiunga na KANU. Majimbo yakazikwa. Wapo waliomsifu kwa kuepusha mgawanyiko wa taifa, na wapo waliomlaumu kwa kuisalimisha ngao ya pekee ya Wapwani bila kupata hakikisho lolote kuhusu ardhi.

Mwaka wa 1966 alichaguliwa makamu wa rais wa KANU kwa niaba ya Pwani na kuteuliwa Waziri wa Ushirika na Huduma za Jamii. Baadaye alihamishiwa Wizara ya Nishati na Mawasiliano, huku akiwa mbunge wa Kilifi Kusini.

Mnamo Desemba 1972, gari lake lilipata ajali karibu na Konza, katika barabara kuu ya Nairobi kuelekea Mombasa. Aliaga dunia siku ya Krismasi. Maelezo kwamba nyuki waliingia garini hayakuwaridhisha wengi Pwani, na shaka kuhusu kifo hicho haijawahi kuisha.

Mwanawe, Noah Katana Ngala, baadaye alikuwa mbunge na waziri.

Katiba ya 2010 ilileta ugatuzi, na Pwani ikapata kaunti sita zenye magavana na mabunge yao. Ugatuzi huo si majimbo aliyoyapigania Ngala, lakini hoja yake kwamba mamlaka yasikusanywe yote Nairobi ilipata nafasi katika sheria kuu. Deni la ardhi ya Wapwani, ambalo KADU ilivunjwa bila ya kulipata jibu, bado ni mada ya kila kampeni kuanzia Kilifi hadi Mvita.