Al-Sufi na Dubu wa Kaskazini

Nilifaulu mtihani wa ilmul-falak bila kuinua kichwa usiku hata mara moja. Kosa hilihili lilimkera Abdul-Rahman al-Sufi, aliyezaliwa Rayy, Uajemi, mwaka 903.

Aliwaona watu wakitengeneza tufe za nyota kwa kunakili vitabu tu. Yeye akatazama mbingu. Akiwa kwa mtawala Adud al-Dawla, ambaye alimsomesha elimu ya nyota, aliandika Kitab Suwar al-Kawakib yapata mwaka 964. Humo mna makundi 48 yaliyopangwa na Batlamyus, na kila kundi limechorwa mara mbili: lionekanavyo angani na lionekanavyo juu ya tufe.

Dubu Mkubwa ana nyota 27 mwilini na 8 nje yake. (Neno dubu lenyewe tumelitoa kwenye Kiarabu.) Lakini al-Sufi hakuwaacha Waarabu wa jangwani, ambao pale waliona msiba: nyota nne ni jeneza, na tatu za mkiani ni mabinti wanaolifuata, Banat Na'sh. Kando ya binti wa katikati ipo Suha, nyota hafifu ambayo watu waliitumia kupima macho.

Alifariki mwaka 986, Allah amrehemu.

Aprili iliyopita, baada ya Isha, nilipanda juu ya paa la bweni nikaelekea kaskazini. Jeneza nililiona, limepinduka. Mabinti pia, wote watatu. Suha sikuiona, mwenzangu wa chumbani aliiona mara moja, akanicheka.