Papwa Sewgolum: Alishika fimbo ‘kinyume’, akambwaga Gary Player

Anayeanza kujifunza gofu kwenye uwanja wa mashimo tisa pale Kama, kaskazini ya Mji Mkongwe, hukaguliwa mikono kwanza. Kwa mtu wa mkono wa kulia, kushoto kunakaa juu ya fimbo, kulia kunakaa chini. Ukigeuza, unasahihishwa papo hapo.

Papwa Sewgolum aligeuza maisha yake yote. Na akashinda mashindano ya wazi ya Uholanzi mara tatu.

Fimbo ya kwanza ni kijiti

Jina lake kamili ni Sewsunker Sewgolum. Alizaliwa Durban, Afrika Kusini, kwenye familia maskini yenye asili ya India. Mama yake alikuwa haoni. Yeye mwenyewe hakujua kusoma wala kuandika.

Gofu aliijulia kazini. Alikuwa akibeba mikoba ya fimbo za Wazungu kwenye klabu ya Beachwood, na fimbo yake ya kwanza ilikuwa kijiti cha mti. Mwalimu hakuwa naye. Akakishika kile kijiti vile mikono ilivyomtuma: kulia juu, kushoto chini. Ndivyo alivyobaki.

Kosa lenyewe ni lipi?

Wataalamu walimshangaa. Kwa macho, jamaa alikuwa amekosea kila kitu. Lakini mpira hauoni mikono. Unachopokea ni uso wa fimbo: umeelekea wapi wakati wa kugusana, na umepita njia gani kufika pale.

Hapo ndipo makosa ya wanaoanza yanapoumiza. Mtu anabana fimbo kama anavuta kamba ya ngalawa, mikono inakakamaa, uso wa fimbo unachelewa kurudi, na mpira unakatika kwenda kulia. Mwingine anaanza kushusha fimbo kwa mabega badala ya kiuno, fimbo inatoka nje na kukata ndani, mpira unapinda vilevile. Wa tatu ana haraka ya kuuona mpira ulikokwenda, anainua kichwa na kifua kabla ya kupiga, fimbo inagonga juu ya mpira na mpira unabiringika tu kwenye majani.

Papwa, na mshiko wake wa ajabu, aliurudisha uso wa fimbo sawasawa, pigo baada ya pigo. Alikuwa amerudia tangu utotoni mpaka mwili ukazoea. Mshiko wake si wa kuigwa, na walimu wanaousahihisha wana sababu: kwa wengi unapunguza nguvu. Ila unafundisha kwamba kosa hupimwa kwa mpira unavyoruka. Kwanza angalia mpira umepinda wapi, kisha rekebisha jambo moja, sio matano kwa mpigo.

Ulaya ilimfungulia, nyumbani walimfungia

Mwajiri wake, Graham Wulff, mkemia aliyebuni mafuta ya ngozi ya Oil of Olay, aliona kipaji hicho. Mwaka 1959 akampeleka Ulaya. Papwa akatwaa ubingwa wa wazi wa Uholanzi mwaka huohuo. Akarudia 1960, akarudia tena 1964.

Nyumbani mambo yalikuwa mengine. Sheria za ubaguzi wa rangi zilimzuia kucheza na Wazungu bila ruhusa maalumu. Mwaka 1963, ule ambao Zanzibar ilipata uhuru mwezi Disemba, aliruhusiwa kushiriki Natal Open mjini Durban. Akashinda. Kumbe jengo la klabu lilikuwa la Wazungu tu, hata bingwa hakuruhusiwa kuingia. Alikabidhiwa kombe nje, mvua ikimnyeshea, na picha ile ikaisambaza aibu ya Afrika Kusini duniani.

Kwa Unguja habari hii si ngeni sana. Enzi za Mwingereza, gofu ilichezwa Mnazi Mmoja na ilikuwa starehe ya maofisa wa Kizungu. Klabu yao ilikuwa Shangani, kwenye jengo ambalo leo ni hoteli ya Africa House.

Mkwaju mmoja wa mwisho

Mwaka 1965 Papwa alirudi Natal Open. Safari hii alikuwepo Gary Player, Mwafrika Kusini mwenzake, Mzungu, na mmoja wa wachezaji bora duniani. Papwa akamshinda kwa mkwaju mmoja. Miezi michache baadaye Player huyohuyo akachukua US Open kule Marekani.

Ushindi ule ulimponza. Serikali ikamfungia mashindano ya Wazungu, kisha ikamnyima pasipoti. Ulaya akawa hafiki tena, na nyumbani viwanja vikubwa vimefungwa. Aliyeweza kupiga mpira popote duniani akakosa pa kupigia. Alifariki 1978 kwa maradhi ya moyo, akiwa maskini, ubaguzi ukiwa bado una nguvu.

Heshima ilikuja baadaye sana. Afrika Kusini huru ilimpa nishani ya Ikhamanga, na Durban kuna uwanja wa gofu unaobeba jina lake.

Kwa anayeanza leo, mpira unaokwenda kulia una dawa: legeza vidole, tulia kichwa, acha kiuno kitangulie, kisha piga tena kesho. Papwa alikuwa ameshalimaliza tatizo hilo kwa njia yake mwenyewe akiwa kijana, na mpira wake ulikwenda alikotaka. Lililomshinda lilikuwa mlango wa klabu, na ule haukuwa kosa lake kulirekebisha.