Mama Fannie Lou Hamer wa Ruleville: aliyebaki nyumbani



Katika kurasa za hesabu mtasoma kilichoingia na kilichotoka mwaka huu. Ukurasa huu ni wa mtu. Tumemchagua mwanamke ambaye hakuwahi kufika kwetu, na ambaye mji wake uko Kusini mwa Marekani. Lakini mambo aliyopambana nayo tunayajua: ardhi isiyo yako, deni la dukani, mtoto anayeacha shule ili akavune, na chama cha watu wa kijijini kinachohangaika kukusanya ada.

Mji wenyewe

Ruleville iko katika wilaya ya Sunflower, jimbo la Mississippi, kwenye bonde tambarare ambalo wenyeji huliita Delta. Miaka ya 1960 ilikuwa na watu wapatao 2,000. Ukitoka nje ya mji kidogo tu ulikuta pamba mpaka macho yanapoishia, na karibu pamba yote ilikuwa ya Wazungu wachache. Seneta James Eastland, mmoja wa wakubwa wa siasa za Marekani, alikuwa na maelfu ya ekari katika wilaya hiyohiyo.

Weusi ndio waliokuwa wengi wilayani, na ndio waliolima. Walilima kwa kugawana mavuno na mwenye shamba. Tajiri alitoa ardhi, mbegu na nyumba ya mbao. Chakula na nguo familia ilikopa kwenye duka la shamba. Mwisho wa mwaka tajiri alipiga hesabu mwenyewe kwenye daftari lake mwenyewe. Familia nyingi zilifanya kazi mwaka mzima zikaishia kuambiwa kwamba bado zinadaiwa.

Utoto

Fannie Lou Townsend alizaliwa tarehe 6 Oktoba 1917 katika wilaya ya Montgomery, kitinda mimba wa watoto 20 wa James Lee na Lou Ella Townsend. Alipokuwa na miaka miwili familia ilihamia Sunflower. Akiwa na miaka sita mwenye shamba alimshawishi kwa vitu vitamu vya dukani achume pamba. Akachuma, na tangu siku hiyo hakutoka tena shambani. Alipofika miaka 13 alikuwa akichuma kilo 90 na zaidi kwa siku, ingawa polio ilikuwa imemwacha akichechemea.

Shule ya watoto Weusi ilifunguliwa miezi michache tu, pamba ilipokuwa haihitaji mikono. Fannie Lou alipenda kusoma, lakini aliacha akiwa bado binti mdogo ili awasaidie wazazi.

Kuna mwaka wazazi wake walijikongoja wakakodi shamba, wakanunua nyumbu wa kulimia na ng'ombe. Ikaonekana kana kwamba wamepata pa kutokea. Usiku mmoja mtu akatia sumu kwenye chakula cha wanyama, wote wakafa. Familia ikarudi kulima kwa tajiri. Binti huyo alijifunza mapema kwamba kwa maskini, mnyama mmoja ni hatua nzima ya maisha, na anayetaka kukurudisha nyuma huanza na mnyama huyo.

Siku aliyofukuzwa

Mwaka 1944 aliolewa na Perry Hamer, ambaye watu walimwita Pap, dereva wa trekta kwenye shamba la mzungu aitwaye Marlow nje kidogo ya Ruleville. Kwa kuwa alijua kusoma na kuandika, alifanywa karani wa shamba, wa kuandika saa za kazi na uzani wa pamba. Walikaa hapo miaka 18. Mwaka 1961 aliingia hospitali kuondolewa uvimbe tumboni, akatoka akiwa ameondolewa kizazi bila kuulizwa. Yeye na Pap walilea watoto wa kike waliowachukua.

Agosti 1962 vijana waliokuwa wakihamasisha watu kujiandikisha kupiga kura walifanya mkutano katika kanisa la Williams Chapel mjini Ruleville. Mama Hamer alikuwa na karibu miaka 45, na hapo ndipo aliposikia kwa mara ya kwanza kwamba mtu Mweusi ana haki ya kupiga kura. Tarehe 31 Agosti yeye na wenzake 17 walipanda basi mpaka Indianola, makao makuu ya wilaya. Walipewa mtihani wa kueleza kifungu cha katiba ya jimbo, mtihani uliowekwa ili wakose. Wakati wa kurudi polisi walisimamisha basi, na dereva akatozwa faini kwa madai kwamba rangi ya basi lake ni ya njano mno. Watu ndani ya basi waliogopa. Mama Hamer akaanza kuimba nyimbo za kanisani.

Jioni hiyo Marlow alimtaka akaondoe jina lake au aondoke shambani. Aliondoka usiku uleule. Pap alilazimishwa kubaki mpaka mavuno yaishe. Siku kumi baadaye nyumba aliyokuwa amehifadhiwa mjini ilimiminiwa risasi 16. Kwa bahati hakuwemo. Januari 1963 akarudia mtihani, akafaulu.

Juni 1963 alikamatwa akiwa safarini katika mji wa Winona. Gerezani alipigwa vibaya. Figo na jicho lake havikupona sawasawa mpaka anakufa.

Sauti yake yafika mbali

Agosti 1964 Mama Hamer alikwenda Atlantic City pamoja na wajumbe wa chama kipya cha Mississippi kilichofungua milango kwa Weusi, kudai viti katika mkutano mkuu wa chama cha Democratic. Alitoa ushahidi mbele ya kamati, akaeleza kufukuzwa na kupigwa kwake. Rais Lyndon Johnson aliitisha ghafla mkutano na waandishi wa habari ili kamera zimwache mama yule. Vituo vya televisheni vikarusha ushahidi wake jioni, na nchi nzima ikamwona. Walipoahidiwa viti viwili tu, walikataa. Septemba mwaka huohuo alifika Guinea na kukutana na Rais Sékou Touré, akaona kwa macho yake Waafrika wakiendesha nchi yao.

Baada ya hapo angeweza kuhamia mji mkubwa. Alialikwa huku na huko kuhutubia, na hotuba zilimpatia fedha. Lakini kila safari ilimrudisha Ruleville, na fedha zilirudi naye.

Benki ya nguruwe

Aliona kwamba kura peke yake haikushibishi. Watu waliojiandikisha walifukuzwa mashambani. Mashine za kuchuma pamba na dawa za kuua magugu zilikuwa zimeanza kuwanyima kazi hata waliobaki. Katika wilaya yenye udongo mzuri kuliko mwingi, watoto walilala njaa, na aliyeshika chakula ndiye aliyeshika kura.

Mwaka 1968 baraza la taifa la wanawake Weusi lililoongozwa na Dorothy Height lilisaidia kununua nguruwe wa kuanzia, hawakufika hata 60. Utaratibu ulikuwa ule ambao sisi tunaujua kama kopa ng'ombe, lipa ng'ombe. Familia ilipewa jike, ikamtunza mpaka akazaa, ikabaki na watoto, na sehemu ikarudi benki ili familia nyingine ipate. Kwa miaka michache mamia ya familia zilipata nyama zao wenyewe.

Mwaka 1969 ulianzishwa ushirika wa Freedom Farm, kwa ekari 40 za kwanza. Baadaye zikaongezeka zikapita 600. Walipanda maharage, kunde, bamia, viazi vitamu, karanga na mboga kama sukuma wiki kwa ajili ya kula, na pamba na soya kwa ajili ya kulipia ardhi. Ushirika ulisaidia familia kupata nyumba zenye maji ndani, ukasomesha vijana, ukawapa kazi waliofukuzwa.

Ulipoanguka

Hapa ndipo tunaomba msomaji atulie, maana hili ndilo lililotufanya tumchague.

Ada ya ushirika ilikuwa dola 1 kwa mwezi. Familia zilizomudu kuilipa zilikuwa 30 hivi. Zilizohesabiwa kuwa za ushirika zilifika 1,500. Pengo lilizibwa na wahisani wa mbali na hotuba za Mama Hamer. Ikaja mafuriko, ukaja ukame, zikaja tufani za 1971, na fedha za ardhi zikaenda kwa walioathirika. Wahisani wakachoka. Kisha yeye mwenyewe akaugua, na aliyekuwa akizunguka kutafuta fedha akabaki kitandani. Mwaka 1976 ardhi ikauzwa kulipa kodi na madeni.

Mama Hamer alifariki tarehe 14 Machi 1977 katika hospitali ya Mound Bayou, kwa saratani, akiwa na miaka 59. Alizikwa Ruleville, kwenye kipande cha ardhi iliyokuwa ya ushirika, na Pap alilazwa pembeni yake mwaka 1992. Leo pana bustani ya kumbukumbu na sanamu yake. Januari 2025 Rais wa Marekani alimtunuku nishani ya juu kabisa ya raia, miaka karibu 48 baada ya kifo chake.

Hatusemi alishindwa. Waliokula walikula, waliosoma walisoma, na watu waliopata nyumba hawakufukuzwa tena na tajiri. Lakini shamba lile liliegemea mno sauti ya mtu mmoja, na sauti ilipokatika hakuna kilicholishika.

Chama chetu nacho kina watu wake wawili watatu ambao kila mwaka huanza kupiga simu na humaliza wakitoa mfukoni. Tunawashukuru, lakini wao si chama. Mwanachama anayetoa kidogo kila mwezi bila kukumbushwa anakisaidia kuliko anayetoa kingi siku ya harambee kisha asionekane miaka mitatu. Ndiyo maana mwaka huu fomu iliyo nyuma ya kijarida hiki inakuuliza kiasi cha mwezi, chochote unachokiweza kweli. Ijaze, umrudishie mweka hazina kabla hujaondoka ukumbini.