Qazi Muhammad: rais wa miezi 11 ambaye picha zake zingali zinaleta ubishi

Kila mwaka, tarehe 22 mwezi wa kwanza na tarehe 31 mwezi wa tatu, Wakurdi wengi hutoa picha za mtu mmoja: mwanaume mwenye kilemba cheupe cha kidini kichwani na vazi la kijeshi mwilini. Ni Qazi Muhammad. Tarehe ya kwanza ni siku aliyotangaza jamuhuri, mwaka 1946. Tarehe ya pili ni siku aliyonyongwa, mwaka 1947, katika uwanja ule ule.

Kwa Wakurdi, huyo ni rais wao wa kwanza. Kwa serikali zilizofuatana Tehran, ni muasi aliyetaka kukata kipande cha Iran kwa msaada wa wageni. Ndiyo sababu mtu yeyote anayeandaa maonyesho ya picha juu ya historia ya Wakurdi hukutana na swali gumu hata kabla ya kupigilia msumari ukutani: chini ya picha hii ataandika nini?

Mtoto wa ukoo wa makadhi

Qazi Muhammad alizaliwa Mahabad, mji wa kaskazini magharibi mwa Iran, kusini ya ziwa Urmia. Qazi ni neno lile lile ambalo Waswahili wanalitamka kadhi. Ukoo wake ulitoa waamuzi wa sheria ya Kiislamu kizazi baada ya kizazi, na yeye pia alishika kazi hiyo. Watu walimletea kesi za mashamba, ndoa na urithi, na neno lake liliheshimiwa mjini.

Wakati huo Wakurdi walikuwa wamekwisha kugawanywa. Mkataba wa Sèvres wa mwaka 1920 uliwafungulia mlango wa kupata nchi yao, lakini mkataba wa Lausanne wa mwaka 1923 haukuwataja kabisa. Wakajikuta ndani ya mipaka ya Uturuki, Iran, Iraq na Syria. Nchini Iran, Reza Shah alitaka taifa lenye lugha moja na vazi moja. Mavazi ya kikabila yalikatazwa, na Kikurdi hakikuwa na nafasi shuleni.

Mambo yaligeuka mwezi wa nane 1941. Majeshi ya Uingereza na ya Kisovieti yaliingia Iran, Reza Shah akaachia kiti, na mtoto wake Mohammad Reza Pahlavi akakipokea. Wasovieti walishika kaskazini, Waingereza kusini. Mahabad ulibaki katikati, mbali na mkono wa Tehran. Katika hali hiyo ya kukosa serikali, wakaaji walimtazama kadhi wao alinde usalama wa mji.

Mwaka 1942, vijana wa Mahabad waliunda kwa siri chama cha Komala. Qazi Muhammad hakuwa miongoni mwa waanzilishi, alijiunga baadaye. Lakini heshima yake ilimpandisha haraka mpaka juu. Alisafiri hadi Baku mara mbili, mwaka 1941 na tena 1945, kuonana na wakubwa wa Kisovieti. Baada ya safari ya pili, Chama cha Kidemokrasia cha Kurdistan kikachukua nafasi ya Komala, naye akiwa kiongozi wake.

Uwanja wa taa nne

Tarehe 22 mwezi wa kwanza 1946, watu walikusanyika katika uwanja wa Chwar Chira, maana yake taa nne. Qazi Muhammad alipanda jukwaani akiwa na vazi la kijeshi la mtindo wa Kisovieti pamoja na kilemba chake cha ukadhi. Alitangaza Jamuhuri ya Kurdistan, na watu wakamwita Peshawa, yaani kiongozi.

Vazi hilo linaeleza hali yake yote. Kilemba kilitoka kwa ukoo wake na watu wake. Vazi la kijeshi lilitoka kwa mkubwa wa nje ambaye bila yeye jamuhuri isingesimama. Wanaompinga huonyesha vazi, wanaompenda huonyesha kilemba.

Jamuhuri hiyo ilikuwa ndogo: Mahabad, Bukan, Naqadeh, Ushnaviyeh na vijiji vya kandokando. Hata hivyo ilifanya kazi ya serikali. Ilikuwa na mawaziri na bendera ya rangi nyekundu, nyeupe na kijani yenye jua katikati. Mashine ya kuchapisha kutoka kwa Wasovieti ilitoa gazeti kwa Kikurdi. Watoto walianza kufundishwa kwa lugha ya mama zao. Mina Khanim, mke wa rais, aliongoza umoja wa wanawake. Wanajeshi waliitwa peshmerga, maana yake wanaotangulia mbele ya kifo, jina ambalo wapiganaji wa Kikurdi wanalitumia mpaka leo.

Nguvu kubwa ya kijeshi ilitoka Iraq. Mulla Mustafa Barzani alikuwa amevuka mpaka na wapiganaji wapata 1,000 pamoja na familia zao. Walipigana vizuri, lakini walihitaji chakula na mahali pa kulala, na makabila mengine yalianza kunung'unika juu ya mzigo huo.

Archie Roosevelt, afisa wa ubalozi wa Marekani mjini Tehran, alifika Mahabad mwezi wa tisa mwaka huo. Aliandika baadaye kwamba watu wa huko walisikiliza redio za nje bila kuogopa, tofauti na Tabriz, ambako serikali nyingine iliyosaidiwa na Wasovieti ilitawala kwa mkono mkali.

Je, Qazi Muhammad alitaka kujitenga au kujitawala ndani ya Iran? Wanahistoria wangali wanabishana. Alitangaza jamuhuri, ni kweli. Lakini chama chake kilidai madaraka ya jimbo ndani ya mipaka ya Iran, na yeye mwenyewe alikwenda Tehran mwaka 1946 kuzungumza na waziri mkuu Ahmad Qavam.

Wasovieti waliondoka

Jibu la swali hilo halikuamuliwa Mahabad. Mwezi wa nne 1946, Qavam alikubaliana na Moscow juu ya mafuta ya kaskazini mwa Iran, na mwezi uliofuata jeshi la Kisovieti likaondoka. Baadaye bunge la Iran lilikataa mapatano hayo, na Moscow ikakosa mafuta. Lakini kwa Mahabad, mlinzi alikuwa amekwisha kwenda.

Biashara nayo ilizorota. Tumbaku, zao kubwa la eneo hilo, haikupata tena njia nzuri ya kwenda kwenye masoko ya Iran. Wakubwa wa makabila, mmoja mmoja, walianza kutafuta amani yao na Tehran.

Mwezi wa kumi na mbili 1946, jeshi la Iran liliingia Tabriz, na serikali ya huko ikaanguka karibu bila vita. Mahabad ulijua zamu yake imefika. Barzani alimshauri Qazi Muhammad waondoke pamoja. Njia ya kwenda mpakani ilikuwa ingali wazi.

Kadhi alikataa. Alijua kwamba mji uliopigana ungelipishwa damu, na kwamba mkubwa akikimbia, adhabu ingewaangukia raia. Akaenda mwenyewe kuonana na jenerali wa jeshi la Iran ili mji uingiwe kwa amani. Tarehe 15, wanajeshi waliingia Mahabad bila vita. Siku chache baadaye akakamatwa.

Barzani na watu wake walipigana wakirudi nyuma, na mwezi wa sita 1947 wakavuka mto Aras kuingia nchi ya Wasovieti. Qazi Muhammad alihukumiwa na mahakama ya kijeshi. Alfajiri ya tarehe 31 mwezi wa tatu 1947 alinyongwa katika uwanja wa Chwar Chira, pamoja na ndugu yake Sadr Qazi, aliyekuwa mbunge Tehran, na binamu yao Sayf Qazi, aliyekuwa waziri wa ulinzi. Mashine ya kuchapisha ilifungwa, mafundisho ya Kikurdi yakakatazwa, na vitabu vya Kikurdi vikachomwa moto.

Picha zilizobaki

Vitabu vilipochomwa, picha zilibaki kwa walioweza kuzificha. Mwaka 1991, mpiga picha wa Marekani Susan Meiselas alifika Kurdistan ya Iraq kupiga picha za makaburi na vijiji vilivyoharibiwa katika kampeni ya Anfal ya mwaka 1988. Aliona kwamba Wakurdi hawakuwa na nyumba ya taifa ya kuhifadhi kumbukumbu zao. Akaanza kukusanya picha za zamani kutoka kwa familia, wamisionari, wanajeshi na wasafiri. Kitabu chake kikubwa kilitoka mwaka 1997, na picha hizo zilionyeshwa katika maonyesho.

Kazi kama hiyo haikuwa jambo dogo. Nchini Uturuki, sheria ya mwaka 1983 iliyobana Kikurdi ilidumu mpaka 1991, na neno Kurdistan peke yake liliweza kumpeleka mtu mahakamani. Nchini Iran, chama alichokiacha Qazi Muhammad ni marufuku.

Ng'ambo ya mpaka, mambo yamekuwa mengine. Masoud Barzani, mtoto wa Mulla Mustafa, alizaliwa Mahabad mwezi wa nane 1946, chini ya bendera ya jamuhuri. Mwaka 2005 akawa rais wa jimbo la Kurdistan nchini Iraq, ambako picha ya Qazi Muhammad inatundikwa bila kificho. Katika mji wake mwenyewe, anayetaka kumkumbuka hadharani bado anapima kwanza ni nani anayemtazama.